Wepesi wa Jioni Huanzia Juu ya Mwamba

Mtu akikuambia ugali wa udaga na samaki ni chakula cha haraka, muulize anaanza kuhesabu wapi. Akianzia pale maji yanapochemka, hana makosa. Sato wa chukuchuku akikaribia kuiva, mwiko umeshamaliza kazi yake na watoto wanaitwa kunawa. Akianzia shambani, siku muhogo ulipong'olewa, basi huo ni mlo wa wiki nzima, na sehemu kubwa ya mapishi yake imefanyika mbali na moto.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo wa mbali na moto. Huku Suguti, kwa Wajita, Wakwaya, Waruri na ndugu zao walioenea kutoka Majita hadi pembezoni mwa Musoma, Butiama na Bunda, mama wa nyumbani haanzi kupika jioni. Alianza siku ile alipokaa chini ya mwembe na rundo la mihogo, kisu kimoja na soga za majirani. Mihogo humenywa, ile minene hupasuliwa, ikaachwa kidogo juani ikauke maji ya juu. Kisha hurundikwa pamoja, ikafunikwa kwa majani au magunia, ikavunda. Siku tatu, pengine nne. Joto ndilo linaloamua. Mjuzi hafunui kila saa. Husubiri harufu ya uchachu ianze kutoka, halafu huingiza mkono chini ya gunia na kubonyeza kwa kidole gumba. Muhogo ukigoma, unarudishiwa gunia lake. Kidole kikizama, umeiva, ingawa haujaona moto. Hapo hutolewa ukiwa na manyoya ya ukungu, meupe na ya kijivu, ambayo mgeni akiyaona husema chakula kimeharibika. Ukungu hukwanguliwa, muhogo ukavunjwavunjwa kwa mikono, ukaanikwa kuwa udaga.

Na kwa kuanika, huku tumejaliwa miamba. Jabali lililoshiba jua tangu asubuhi hukausha udaga juu na chini kwa pamoja, bila mkeka, bila turubai. Kazi inayobaki ni ya watoto: kufukuza kuku na mbuzi, na kutazama upande wa ziwa, maana wingu la huko halipigi hodi. Udaga uliolowa mvua huku umekauka nusu hurudi kuvunda mara ya pili, na uvundo huo wa pili hautoki hata usage unga mara ngapi.

Sababu ya mzunguko wote huo ni sumu. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, na ndani ya mzizi huohuo kuna kimeng'enya cha kuivunja, ila vimetengwa kila kimoja mahali pake. Vijidudu vya kuvundika vinapolainisha mzizi, kuta za seli hubomoka, vitu hivyo viwili vikakutana, na sianidi inayozaliwa huruka na hewa wakati wa kuvunjavunja na kuanika. Bibi zetu hawakuwa na jina la kimeng'enya. Walikuwa na kidole gumba.

Gharama ya kuruka hatua tunaijua, wala hatukusimuliwa na watu wa mbali. Mwaka 1985, ng'ambo ya mto Mara, wilayani Tarime, ukame uliwakuta watu na muhogo mchungu shambani na hawana kingine cha kula wakati wakiungojea. Siku za kuandaa zikafupishwa. Wakaanza kupatikana watu, hasa wanawake na watoto, ambao miguu ilikakamaa ghafla na haikurudia hali yake. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Waliouchunguza ni pamoja na daktari William Howlett, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Hans Rosling wa Sweden, aliyekuwa ameukuta Msumbiji miaka michache kabla. Taarifa yao ikachapishwa mwaka 1990. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema wanawake wa kijijini wanapoteza muda na magunia yao, huwa sina subira naye.

Uchunguzi wa konzo unafundisha na jambo la pili, linalohusu upande wa pili wa sahani. Mwili hujisafisha mabaki ya sianidi kwa msaada wa salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Muhogo wenyewe karibu hauna protini. Maana yake dagaa au furu aliye kando ya ugali hayupo kwa ajili ya kushushia tonge tu. Analinda miguu ya mlaji. Watu wa ziwani walioweka udaga na samaki pamoja waliupata mlo unaojitosheleza, na mimi huona ajabu kwamba tunamsifu samaki peke yake, kana kwamba ugali umekuja kumsindikiza.

Sasa kuna habari ya ngano. Mke wa kaka yangu, anayeishi naye Uingereza, ana seliaki: akila gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na nafaka ndugu zake, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo. Walipokuja kupumzika Desemba, alimfuata mama jikoni.

"Shikamoo, mama. Samahani, kwenye ugali huu kuna ngano?"

"Marahaba, mwanangu. Ngano itoke wapi?" Kisha akanigeukia mimi: "Mwenzenu amezoea chapati. Mtume mtoto dukani akalete unga."

Ilituchukua muda kumweleza kwamba mkwewe hakuwa anaidai ngano, alikuwa anaikimbia. Mama alipoelewa alicheka, akasema basi huyu amekuja nyumbani hasa.

Ndivyo ilivyo. Kule ambako mkate ndio mlo, ilihitajika njaa kuwafumbua watu macho. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walipoikaba Uholanzi na mkate ukaadimika, watoto wenye seliaki wakaonekana kupata nafuu wakati wenzao wanadhoofika. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 aliyaweka hayo katika tasnifu yake. Sisi hatukuhitaji tasnifu ili tuwe na chakula kisicho na gluteni, lakini tusijidai: kwetu hakikutokana na hekima ya kitabibu. Ngano haikuwepo, basi.

Wala asiye na ugonjwa asianze kuiogopa ngano kwa kuiga. Chapati za sikukuu nazila na nitaendelea kuzila. Kinachonikera ni cheo. Tangu serikali ya mkoloni iliposhurutisha watu kulima muhogo kuwa akiba ya njaa, na baadaye kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975, muhogo na mtama vilibandikwa jina la chakula cha shida. Mgeni wa heshima akifika, udaga unafichwa, unatafutwa wali. Mke wa kaka ndiye mgeni wa kwanza niliyemwona akipewa udaga waziwazi, tena akaomba aongezwe.

Jikoni kwenyewe mambo hayana urefu. Mimi napenda unga wa udaga uliochanganywa na mtama, udaga ukizidi kidogo. Maji yakianza kutokota natanguliza uji mwepesi wa mtama, kwa sababu mtama huchelewa kuiva na hautaki kukimbizwa. Ukishaiva ndipo unga uliochanganywa unaingia, na moto unapunguzwa. Udaga ukimwagwa kwenye maji yanayochachamaa hujifunga mabonge yenye unga mkavu katikati, na hayo hayavunjiki kwa nguvu wala kwa maombi. Ukishashika, songa kwa kukandamiza kwenye ukuta wa sufuria na kugeuza, mpaka rangi itulie iwe moja, ya kijivu inayong'aa, na ugali uanze kuuvuta mwiko. Chapati huvutika kwa sababu ya gluteni. Udaga hauna hata chembe yake, unavutika kwa wanga peke yake.

Samaki hana masharti: sato mbichi, chumvi, kitunguu, nyanya, ndimu mwishoni, mfuniko. Dagaa wakavu wapepetwe mchanga, waoshwe kwa maji ya moto, wakaangwe kidogo, kisha watiwe karanga za kusaga. Karanga hufanya mchuzi uwe mzito, na kwa mtu wa seliaki hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu wapishi wengi wa mjini huongeza uzito kwa kijiko cha unga wa ngano bila kukitaja. Hatari zake nyingi ziko hukohuko mafichoni: samaki aliyekaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga maandazi, sosi ya soya, viungo vya pakiti, bia ya shayiri. Wali mweupe ni salama hadi ukutane na kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya tambi.

Mke wa kaka aliporudi kwao aliniandikia kuuliza afanyeje. Udaga wenyewe hakuupata. Nilimwambia anunue unga wa muhogo kwenye maduka ya Waafrika Magharibi, na mtama kwenye maduka ya Wahindi, ambako huandikwa jowar. Ulezi huandikwa ragi. Achague mifuko iliyoandikwa wazi kuwa haina gluteni, kwa kuwa viwanda vingine husaga ngano kwenye mashine hizohizo. Uchachu wa udaga hataupata, lakini atasonga na atashiba.

Alichokosa ni mwiko. Miiko ya mbao aliyonayo kaka yangu jikoni imeshakoroga ngano miaka mingi, na mti hushika mabaki kwenye nyufa zake. Mama amenunua mpya sokoni, wa mti mgumu na mkono mrefu. Umefungwa kwenye kanga, unasubiri mtu wa kusafiri.