D Ndogo Isiyoandikwa

Katika Kimanx, lugha ya Kisiwa cha Man, mwanamke ni "ben". Hivyo ndivyo linavyoandikwa. Lakini sikiliza sauti zilizonaswa za wazee waliokulia ndani ya lugha hiyo: utasikia kitu kama "bedn", d ikipenya chapuchapu kabla ya n kutua. "Trome", yaani zito, nalo linaingiza b mbele ya m. Tahajia iliyotumika kuchapa Biblia ya Kimanx karne ya 18 haikuwa na nafasi ya sauti hizo. Zimetufikia kwa sababu kuna watu waliokaa na wazee hao wakazinasa, na kazi yao naipenda sana.

Mwaka 1947 Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ireland, alikizuru kisiwa hicho akakutana na mvuvi Ned Maddrell, mzee wa kijiji cha Cregneash. Mwaka uliofuata Tume ya Fasihi Simulizi ya Ireland ilimtuma mkusanyaji wake Kevin Danaher avuke bahari na gari lenye mtambo wa kunasia sauti. Waliokipata Kimanx kwa walezi wao walikuwa wachache, na umri wao ulikuwa umekwenda.

Kwao Ireland, wakusanyaji walikuwa wamezoea silinda za nta. Hadithi ikishanakiliwa kwa mkono, nta ilikwanguliwa ili silinda itumike tena, maana fedha zilikuwa haba. Maneno yakabaki daftarini, sauti ya msimulizi ikakwanguliwa pamoja na nta. Danaher alikwenda Man na santuri, na santuri haikwanguliwi.

Santuri za kunasia za wakati ule zilikuwa sahani zilizopakwa laki laini. Sindano ya mtambo huchonga. Sahani inapozunguka, uzi mwembamba kama unywele huchomoka kwenye mfereji mpya, na fundi huufagia kwa brashi, polepole, usije ukajisokota chini ya sindano ukaharibu kila kitu. Upande mmoja hubeba dakika chache tu. Hakuna kufuta: mzee akikohoa, kikohozi kimeshachongwa. Kwa hiyo jicho moja liko kwenye uzi, jingine kwenye uso wa msimulizi, ili fundi ajue kama hadithi inakaribia kuisha au mzee anavuta pumzi tu. Na muda wote huo asiseme neno. Kwangu mimi, kunyamaza huko ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mtu anayemsikiliza mzee huitikia, huguna, hucheka. Huyu anatakiwa aitikie kwa macho peke yake.

Nusu karne kabla ya Danaher, Daktari John Clague wa Castletown alikuwa na kalamu na sikio tu. Katika miaka ya 1890 alikusanya mamia ya nyimbo, nyingi kutoka kwa Tom Kermode, mvuvi kipofu wa Bradda. Sikio lake lilikuwa la ajabu. Hata hivyo, mara nyingi aliandika ubeti mmoja tu wa maneno, na hakuna nota ya muziki inayoonyesha Kermode alivyolitamka neno la mwisho wa mstari.

Baada ya Danaher, vijana wa kisiwani waliokuwa wakijifunza lugha kwa kuwatembelea wazee hawakungoja gari jingine kutoka Ireland. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliendelea kunasa wenyewe. Maddrell alifariki mwaka 1974, wa mwisho kati ya wale waliolelewa kwa Kimanx. Yeye alikipata kwa bibi wa ukoo wake, mwanamke asiyejua Kiingereza.

Mwaka 2003 santuri za Danaher zilitolewa upya kwa jina la Skeealyn Vannin, Hadithi za Man. Anayejifunza Kimanx leo anaweza kumsikiliza mzee, kusimamisha, kurudisha nyuma, na kulijaribu tena neno la mwanamke, ben, ben, mpaka ile d ijitokeze yenyewe kwenye ulimi.