Maneno Kwanza, Mwendo Baadaye

Juu kabisa ya ukurasa wa tovuti, pale jina la duka linapoteleza na kutulia mahali pake, kuna kazi ya ufundi ninayoiheshimu sana. Mteja huona mwendo na rangi. Fundi stadi, kabla ya kuchora chochote, ameshamfikiria msomaji mwingine asiyejali madoido: roboti ya Google inayopita ikisoma kurasa ili iziingize kwenye faharasa. Roboti hiyo inatafuta maneno. Isipoyapata, tovuti inaweza kupendeza kiasi chochote, lakini anayetafuta kitu cha kununua hataletwa hapo.

Kwa miaka mingi vichwa hivi vya ukurasa vyenye mwendo vilitengenezwa kwa Flash, programu iliyopata jina hilo mwaka 1996 na kuingia mikononi mwa Adobe mwaka 2005. Iliwapa wasanii uhuru ambao intaneti haikuwa nao kabla yake, na hilo lazima tuliheshimu. Tatizo ni kwamba picha, sauti na maandishi vyote vilifungiwa ndani ya faili moja. Mwaka 2008 Google ilitangaza kuwa imeboresha uwezo wake wa kusoma maandishi yaliyomo kwenye faili hizo, lakini kuokota maneno si sawa na kujua lipi ni kichwa cha habari na lipi ni maelezo ya kitufe.

Mafundi hawakukaa kungoja. Katikati ya miaka ya 2000, Shaun Inman, Mike Davidson na Mark Wubben walitengeneza mbinu iliyoitwa sIFR. Kichwa cha habari kiliandikwa kwenye ukurasa kama maandishi ya kawaida. Ukurasa ukifunguka, msimbo mdogo uliyachukua maneno yale yale na kuyachora upya kwa Flash, kwa mwandiko aliouchagua msanii. Kivinjari kisicho na Flash kilionyesha maandishi ya awali, na roboti iliyakuta palepale. Adobe ilipoacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, vichwa vingi vilivyofungiwa ndani ya faili viligeuka nafasi tupu. Vile vya sIFR vilipoteza pambo tu; maneno yalibaki yanasomeka.

Somo hilo halijachakaa. Tuseme seremala wa Morogoro anataka maneno “Milango na vitanda vya mninga” yaingie herufi moja moja. Njia ya mkato ni kuyatia kwenye video au picha jongevu, na hapo yanageuka rangi tupu. Fundi mzuri huanza na h1, lebo ya kichwa kikuu cha ukurasa, akaandika sentensi nzima, akahakikisha inajitosheleza bila mwendo wowote, kama shairi linalokamilika kwanza ndipo mtunzi wa taarabu alitie muziki.

Kisha inakuja kazi ya uangalifu. Ili herufi ziingie moja moja, kila moja hupewa lebo yake, na programu inayomsomea asiyeona inaweza kuanza kutamka vipandevipande. Kwa hiyo fundi huiacha sentensi nzima isomwe mara moja, na vile vipande huvitia alama ya aria-hidden ili programu ivipite. Mwendo wenyewe huuandika kwa CSS, lugha ya kupamba ukurasa, ili usitegemee msimbo mwingine, kama JavaScript, ambao huenda ukachelewa njiani. Maneno yakifichwa yakingoja JavaScript, nayo isifike, mteja anabaki akitazama ukuta mweupe huku bando lake linakwisha.

Hata namna ya kusogeza ina adabu yake. Ukibadilisha kimo cha kichwa, unasukuma chini kila kilicho chini yake, na mtu aliyekuwa anabonyeza namba ya simu anajikuta amebonyeza kitu kingine. Ukitumia amri ya CSS iitwayo transform, herufi husogea bila kumsukuma jirani. Google hupima mambo haya: inataka kipande kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na alama ya kuyumba kwa ukurasa isizidi 0.1. Asiyevumilia vitu vinavyochezacheza naye hakusahaulika: kwa kanuni ya CSS iitwayo prefers-reduced-motion, aliyezima mwendo kwenye simu yake hupewa kichwa kilichotulia.

Kuna wanaotafuta njia fupi kwa kuficha nyuma ya uhuishaji rundo la maneno ambayo mteja hayaoni, ili roboti ihadaike. Google huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na ndivyo lilivyo. Mpaka wa ufundi huu uko hapo: kinachosomwa na roboti kiwe kile kile anachokiona mnunuzi, na kile kile anachokisikia asiyeona.

Ndiyo maana nakataa kuiita kazi hii ujanja wa kupanda juu kwenye matokeo ya utafutaji. Fundi aliyeandika maneno yake wazi amewahudumia kwa mkono mmoja roboti, kipofu, mwenye simu ya bei nafuu na mwenye mtandao unaosuasua. Mitindo ya uhuishaji itabadilika, na programu za leo nazo zitastaafu kama Flash. Atakayeanza na maneno hatakuwa na haja ya kuanza upya.