Korongo la Platteklip: jinsi ukuta wa Mlima Meza unavyopandika

Mwaka 1503 nahodha Mreno António de Saldanha, akiwa safarini kwenda India, alitia nanga katika ghuba asiyoijua karibu na ncha ya kusini ya Afrika. Hakuwa na hakika kama ameshaizunguka Rasi ya Tumaini Jema au bado. Mbele yake ulisimama mlima mrefu wenye kilele bapa. Akaupanda, akaiona rasi na bahari ya upande wa pili, akajua alipo. Hiyo ndiyo safari ya kwanza iliyoandikwa ya kupanda Mlima Meza wa Cape Town.

Alipitia wapi? Ukiutazama mlima ukiwa mjini unaona ukuta wa mwamba wa mchanga, na katikati ya ukuta huo mpasuko mkubwa: Korongo la Platteklip. Inaaminika alipanda humo, na ramani inaeleza kwa nini. Maji yalikuwa yameshafanya kazi ngumu. Kijito kiliukata mwamba, mawe yaliyoporomoka yakajaa chini, ukapatikana mteremko unaokanyagika. Njia ya leo inafuata udhaifu huohuo wa mlima.

Inaanzia Barabara ya Tafelberg, mashariki ya kituo cha chini cha magari ya waya. Ina urefu wa karibu kilomita 3 na inapanda zaidi ya mita 600, yaani mita 1 kwenda juu kwa kila mita 4 au 5 za njia. Ingenyooka moja kwa moja, wengi wangeishia njiani. Kwa hiyo inakatisha mteremko kwa mshazari: inakwenda kushoto, inapiga kona, inarudi kulia. Kila kona inapunguza ukali wa kilima, na pia inayapunguzia kasi maji ya mvua ambayo yangeichimba njia iliyonyooka.

Ugumu unabaki kwenye vidato. Ni mawe yaliyopangwa, wala hayalingani kimo: moja linafika kwenye kifundo cha mguu, la pili linakaribia goti. Anayeanza kwa pupa hulipa deni hilo katikati ya korongo, mikono magotini, akihema. Waongozaji wa Kilimanjaro wana dawa yake, na hapa pia inafaa: pole pole. Hatua fupi, unyayo mzima juu ya jiwe, na mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza bila kukata maneno. Kwa mwendo huo, wengi hufika juu kwa saa 2 hadi 3.

Adui mwingine ni jua. Korongo linatazama kaskazini, na huko kusini mwa dunia jua la mchana hukaa upande huohuo. Kivuli ni haba mpaka karibu na mwisho, kuta mbili zinapobanana. Anayeanza alfajiri na maji ya kutosha amejiokoa.

Ukigeuka nyuma njiani unaiona Ghuba ya Meza na Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela kwa miaka 18. Lakini korongo linakuonyesha upande mmoja tu. Rasi inayoelekea kusini haionekani mpaka ufike juu na kuvuka uwanda wa kilele. Ndiyo maana Saldanha asingeweza kuishia nusu ya safari: jibu alilolitafuta lilikuwa ng'ambo ya mlima.

Juu kuna jaribio la mwisho. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki husukuma hewa yenye unyevu kupanda mlima. Ikipoa inakuwa wingu jeupe linalomiminika ukingoni mithili ya kitambaa cha meza. Linavutia ukiwa mjini. Aliye ndani yake haoni kidato kinachofuata. Upepo huohuo ukizidi, magari ya waya, yaliyoanza kazi mwaka 1929, husimamishwa, na aliyetegemea kushuka nayo hulazimika kurudi kwa miguu kupitia vidato vilevile, magoti yakiwa yameshachoka.

Kwa hiyo, msomaji unayepanga safari hiyo, angalia utabiri wa upepo kabla ya kufunga kamba za viatu, na ubakize maji na nguvu za kushukia.