"Malaika" na Kitenzi cha Kuoa

Ni nadra wimbo wa Kiswahili kupendwa sana na watu wasioelewa Kiswahili. "Malaika" ulipendwa hivyo. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaenea Afrika Mashariki. Lakini uliovuka bahari ni ule ulioimbwa upya na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. (Mzozo wa nani hasa aliyeutunga, Fadhili au Adam Salim, ni wa makala nyingine.)

Husemwa kwamba sauti ya Makeba ndiyo iliyoufikisha wimbo huo ulikofika. Kauli hiyo ni kweli, ila haitoshi. Anayesema katika wimbo ni kijana mwanamume asiye na mali. Mpenzi hajamkataa, kilichomshinda ni ukosefu wa mali. Kitenzi anachokitumia ni kuoa, nacho kimebeba kiambishi -nge-, cha jambo ambalo lingekuwa lakini haliwi. Utungo mzima umeegemea kiambishi hicho. Kikiondolewa, hubaki sifa za mpenzi tu, na sifa za namna hiyo zimejaa tele katika mashairi ya pwani.

Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hata hivyo Makeba alipouimba peke yake jukwaani hakukigeuza kitenzi, wala hawakukigeuza Boney M. mwaka 1981. Msikilizaji wa Mombasa hushtuka kidogo, kisha husamehe, kwani katika taarabu amezoea kusikia tungo za wanaume vinywani mwa wanawake, tangu enzi za Siti binti Saad. Msikilizaji wa New York hakuwa na la kumshtua. Yeye alisikia neno moja tu, ambalo jina la wimbo kwenye sahani lilikuwa limekwisha kumtafsiria.

Na neno lenyewe lilikuwa na bahati yake. Lina silabi nne, zote wazi, na kila irabu yakubali kuvutwa. Hakuna ulimi wa kigeni unaojikwaa hapo. Tena kwa Waswahili malaika ni mtoto mchanga pia, hivyo wageni walioupokea wimbo kama bembelezo hawakupotoka kabisa. Lakini bembelezo halina malalamiko. Ufukara wa kijana, ambao ndio kiini cha utungo, ulibaki nyuma, na huenda wimbo ulisafiri kwa wepesi kwa kuwa mzigo huo haukuonekana.

Usikilizaji huo wa kigeni ulirudi hata nyumbani. Bendi za hoteli za pwani zimeupigia watalii kwa miaka mingi kama salamu ya makaribisho, na huimbwa arusini pia, mbele ya bwana arusi aliyekwisha kutoa mahari.