Ndege Iliyolala Bandani

Ukitaka kuiua ndege ndogo, usiirushe. Ifungie bandani, mwenyewe azeeke nyumbani, basi. Nyigu watajaza udongo kwenye kile kibomba cha kupimia mwendo, panya watazalia ndani ya bawa, na mkojo wao utaila aluminiamu polepole. Injini nayo itaoza bila mtu kujua. Zile za Lycoming, ambazo ni nyingi katika ndege ndogo za Afrika Mashariki, kamshafti yake imekaa juu ya krankshafti. Ndege ikilala, oili yote inateremka chini na kuiacha kamshafti kavu. Ikishapata kutu, siku ya kuwashwa injini inaanza kujisaga yenyewe.

Ndiyo maana fundi anayekabidhiwa Piper Super Cub ya rubani mzee haanzi kwa kuiwasha, hata kama mzee amekuja na kiti chake akae aisikilize. Anaanza kwa kuivua nguo.

Nguo hasa, maana Super Cub ni ndege ya kitambaa. Kiwanda cha Piper kilichokuwa Lock Haven, Pennsylvania, kilianza kuitoa mwaka 1949: kiwiliwili cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mbavu za bawa za aluminiamu, viti viwili vilivyofuatana. Inaruka taratibu na kutua mahali padogo. David Sheldrick aliitumia kulinda tembo wa Tsavo Mashariki, na Shirika la Wanyamapori la Kenya limeendelea kuruka na ndege za aina hiyo.

Kitambaa kikishatoka, mabomba yanaanza kusema ukweli. Nje yanaweza kuwa safi kabisa na ndani yameliwa, hasa karibu na mkia, maji yanakotuama. Fundi anapita na chuma chenye ncha akibonyeza, inchi baada ya inchi. Panapobonyea panakatwa na kuchomelewa bomba jipya. Halafu kuna mafundi wanaomimina mafuta ya kitani yaliyopashwa moto ndani ya mabomba, wakayageuza huku na huku, wakayamwaga, wakaziba. Mafuta hayo hakuna atakayeyaona tena.

Kisha kushona. Chuo cha Soroti, kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971, kimefundisha marubani na mafundi wa ndege, lakini kwa hatua hii mimi ningemchukua fundi cherehani wa barazani. Angeshangaa ukubwa wa vazi tu. Zamani kitambaa kilikuwa kitani cha Ireland au pamba. Siku hizi ni poliesta. Kinagundishwa kingoni kikiwa kimelegea, halafu kinapigwa pasi. Joto hilo la pasi linapimwa kwa kipimajoto, maana kitambaa kinakazwa kwa awamu, hadi nyuzi 177 hivi za Selsiasi. Ukikaza upande mmoja kwa pupa, mbavu zinapinda. Ukizidisha moto, kitambaa kinalegea na hakikazi tena. Unachana, unaanza upya.

Kitambaa kikishakaza, bawa linasimamishwa wima, watu wawili wanakaa pande zake mbili bila kuonana. Mmoja anasukuma sindano ndefu ipite kando ya ubavu, mwenzake anaipokea, anairudisha upande wa pili wa ubavu uleule. Uzi umepakwa nta. Fundo linakazwa, kisha linavutwa lizame ndani ya tundu la sindano ili lisiache nundu juu ya bawa. Sentimita sita hivi, fundo lingine. Karibu na injini, panapopigwa na upepo wa propela, mafundo yanasogezwa karibu zaidi. Ubavu ukiisha, unafuata mwingine, na mabawa ni mawili. Nimewahi kusikia watu wakiiita hii kazi ya kuchosha. Nadhani hawajamtazama mshonaji anayeijua, jinsi mkono unavyokaza kila fundo kwa nguvu ileile, la kwanza na la mwisho.

Rangi ndiyo watu wanayoisifu, na ndiyo inayonivutia kidogo kuliko yote, isipokuwa ile ya fedha iliyo chini yake. Hiyo ina unga wa aluminiamu wa kuzuia jua, kwa sababu jua ndilo linalokila kitambaa. Fundi anawasha taa ndani ya bawa, anazima za bandani, anatazama kwa nje. Mwanga ukipenya, anaongeza koti.

Lakini haongezi ovyo. Ndege iliyovikwa upya lazima ipimwe uzito upya, na rangi ni uzito: kinachoongezeka hapo kinapunguzwa kwenye mafuta au kwenye mizigo. Mpaka michirizi ya rangi aliyoipenda mzee ujanani inajadiliwa kwa gramu. Magurudumu yanapandishwa kwenye mizani, mkia unainuliwa usawa, na fundi anaandika tarakimu kitabuni huku mzee akichungulia begani kwake kuona kama ndege yake imenenepa.