Anza na Mbavu

Tangu msimu wa fezanti ulipofunguliwa Uingereza tarehe 1 Oktoba, kuna video inayopita simu hadi simu. Labrador mchanga wa manjano anachomoka pembeni mwa bwana wake kabla ndege hajagusa ardhi, anakata shamba la viazisukari kwa kasi, anamnyakua ndege angali anapiga mbawa, anarudi mbio na kumwangusha miguuni. Wageni wanashangilia. Nimeonyeshwa video hiyo na watu ninaowaheshimu, kila mmoja akiniambia nitazame mbwa huyo alivyo hodari.

Nilichokiona mimi ni mbwa aliyekwenda bila kutumwa, bwana aliyenyamaza kama vile hakuona, na ndege aliyetupwa kwenye rundo bila mtu kumpapasa mbavu. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana thamani ya mbwa wa mawindo iko hapo, na ndipo wasiojua kazi wasipotazama kabisa.

Mepesi tuyamalize upesi. Mbwa anayeondoka kabla ya amri hafai, hata akirudi na ndege kila mara. Anayelia akingoja kando ya bwana wake bunduki zinapolia hafai. Anayemwacha ndege mmoja njiani ili amchukue mwingine hafai. Waamuzi wa mashindano huwatoa wote hao papo hapo, na wana haki. Kasi ni kitu kizuri lakini huja yenyewe. Mbwa mweusi ni bora kuliko wa manjano, na wote wawili ni bora kuliko wa rangi ya chokoleti. Filimbi iwe ya pembe. Anayeipuliza zaidi ya mara mbili kwa ndege mmoja bado hajamaliza kufundisha.

Sasa tuje kwenye mdomo.

Mbwa akikuletea ndege, usianze kumsifu. Mpokee ndege kwa mikono miwili, mlaze kiganjani kifua kikiwa juu na kichwa kikielekea mbele. Weka kidole gumba ubavu mmoja na vidole viwili ubavu wa pili, chini kidogo ya bawa, pale manyoya yanapokuwa mepesi. Bonyeza taratibu. Mbavu nzima ni za mviringo, ngumu kiasi, na zinakusukuma kidogo zikurudishe ulikotoka. Zilizopondwa zimelala bapa: vidole vinakaribiana kupita kiasi, na chini ya ngozi utahisi vipande vya mfupa vikisuguana. Ngozi yenyewe huenda haina hata tundu moja. Ndiyo maana mgeni haoni kitu, kwa sababu yeye anatafuta damu na alama za meno. Damu huletwa na risasi. Kinywa kigumu, yaani kile kinachobana na kumponda ndege, kinafanya kazi yake ndani, chini ya manyoya yaliyolala vizuri.

Usihukumu haraka, hata hivyo. Ubavu mmoja ukiwa bapa na wa pili mzima, fikiria kwanza ndege aliangukia wapi. Ardhi iliyoganda kwa barafu huvunja mifupa kama taya. Mbavu za pande zote mbili zikiwa zimelala, hapo taya zimebana. Kiuno kilichochanika kinatisha macho, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba mbwa kijana amepambana na ndege mwenye nguvu aliyekuwa akikimbia na bawa lililovunjika, na hakujua amshike wapi. Huyo msamehe. Kwenye mashindano ndege mwenye shaka hupelekwa kwa mwamuzi mwenzake, na mwenye mbwa huitwa apapase mwenyewe mbele yao. Shaka ikibaki, mbwa ndiye anayepewa nafasi. Isipobaki, mbwa anatoka, awe bingwa au asiwe. Nimewaona watu wazima wakipapasa, wakanyamaza, wakamfunga mbwa kamba na kurudi kwenye gari bila ubishi. Vidole haviwezi kubishiwa.

Yote haya yana sababu moja: yule ndege ni chakula. Kifua kikipondwa, vijipande vya mfupa huingia kwenye nyama, utumbo hupasuka, na muuza nyama anayejua kazi yake humkataa. Msomaji wa pwani aliyekaa madrasa ataielewa hoja hii upesi kuliko wengi, kwa kuwa anaijua habari ya Adi bin Hatim alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mbwa wa kuwindia: mbwa aliyefundishwa akikukamatia wewe, kula, akila yeye katika windo lile, usile, kwa sababu amejikamatia nafsi yake. Ritriva, yaani mbwa wa kuleta ndege kama Labrador, haui, anaokota tu, lakini swali ni lile lile. Mbwa huyu anamfanyia nani kazi?

Walaghai wanalijua swali hilo, wakalitafutia njia. Kuna anayempokea ndege huku akikugeuzia mgongo, akamtumbukiza mfukoni na kukupa mwingine aliyeokotwa zamani. Mtunza ndege mmoja wa Norfolk, mzee wa kazi, alikuwa na dawa ya huyo: kabla ya kugusa mbavu aliingiza vidole chini ya bawa kutafuta joto, kisha akamning'iniza ndege kwa miguu na kuangalia kama shingo inalegea. Ndege wa sasa hivi ni wa moto na shingo yake inalegea. Aliyeanza kupoa na kukakamaa alimrudisha bila neno, na mwenye mbwa hakualikwa tena kwenye shamba lile. Kuna pia muuzaji anayekuonyesha mbwa wake akileta dami, yaani windo bandia la turubai, au njiwa aliyetolewa kwenye friji angali jiwe. Mbwa mwenye kinywa kibaya kuliko vyote atakuletea njiwa huyo mzima, maana hakuna taya inayoweza kumponda. Mnunuzi analipa, na Novemba anagundua alichonunua.

Ni nadra mbwa kuzaliwa na kinywa kigumu. Hutengenezwa na watu, mara nyingi katika siku ya kwanza ya kutoka, siku ambayo mwenye mbwa mchanga na mbwa mzee anawapeleka wote wawili na kufanya kinyume cha inavyotakiwa. Anamhurumia mzee, anampumzisha, na anamtuma mchanga kwa kila ndege anayeanguka. Basi mchanga anakutana na jogoo wa fezanti aliyejeruhiwa, anachomwa na kipi usoni, na tangu hapo amejifunza kubana kwanza. Au mbwa wawili wanatumwa kwa ndege mmoja, kila mmoja anavuta kwake, na kinywa cha mchanga kimekwisha siku hiyo hiyo. Au bwana ana haraka, anamnyang'anya ndege mdomoni badala ya kungoja apewe.

Utaratibu ni huu. Ndege wanaokimbia ni wa mzee. Mchanga akae, atazame, asikie bunduki, aone mwenzake akienda yeye akibaki. Waswagaji wakishamaliza na bunduki zikinyamaza, mpe tetea mmoja aliyekufa kabisa, aliyelala mahali peupe, mbwa wengine wakiwa mbali. Mmoja atosha. Na siku hiyo zipapase mbavu za ndege wa mzee kwa uangalifu zaidi ya kawaida. Hili sijaliona likiandikwa, lakini ni kweli: mbwa mzee mwenye kinywa laini miaka yote, akimwona kijana kando ya bwana wake, huingiwa na wivu, na wivu huo unashukia kwenye taya.

Zamani mtoto wa mbwa alikaa msimu mzima akitazama tu, na hakuna aliyeona ajabu. Watu walikuwa na subira na wanyama wagumu. Labrador Banchory Bolo, aliyezaliwa 1915, alishapita mikononi mwa wakufunzi waliosema hafundishiki. Mwaka 1918 alimfikia mama aliyekuja kujulikana kama Lorna, Countess Howe. Alimpa muda mpaka mbwa akamwamini, na Bolo akawa Labrador wa kwanza kupata ubingwa wa uwandani na wa maonyesho pia. Leo mbwa wa tabia ile angeuzwa kabla ya Krismasi, na yule wa manjano wa kwenye video angenunuliwa mahali pake.

Ukienda kununua, basi, usiridhike na dami wala njiwa wa friji. Omba umwone mbwa akileta tetea wa moto, halafu jogoo aliyekuwa akikimbia, na uwapokee wewe mwenyewe moja kwa moja kutoka mdomoni. Muuzaji akisema msimu umeshafungwa, zihifadhi fedha zako urudi Oktoba.