Sauti Iliyompa Mtoro Jina la Steringi

Huku Rusizi, Rwanda, ambako wazee bado husema Cyangugu, filamu ya kigeni haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ipate msimuliaji. Hollywood imetoa picha, muziki na milio ya risasi. Anayesubiriwa ni yule wa kutueleza nani kamtenda nani, na kwa nini steringi hacheki tena. Kwa Kinyarwanda filamu hizo huitwa agasobanuye, na bingwa wake alikuwa Nkusi Thomas, yule Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo. Sisi wa mpakani, tunaovuka daraja kwenda Bukavu asubuhi na kurudi jioni, tumelelewa na sauti za pande zote.

Naisifu kazi hii kwa kupitia filamu moja, Buck and the Preacher ya mwaka 1972, maana sijui hadithi inayomdai msimuliaji kuliko hii. Sidney Poitier aliiongoza, ikiwa mara yake ya kwanza kuongoza filamu, akacheza pia kama Buck, askari wa zamani anayewasindikiza watu weusi waliotoka utumwani kwenda magharibi kutafuta ardhi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha, sheria inasema wako huru. Lakini mabwana wa Louisiana wanataka mikono ya kulima mashamba yao, basi wanakodi wapanda farasi wawafuate, wachome kambi zao na kuwaua, mpaka waliobaki wakubali kurudi. Mwaka uleule, katika filamu nyingine, mwigizaji Fred Williamson naye alicheza mtumwa aliyetoroka na wenzake wawili. Ile ina ubabe zaidi, na vijana wangeishangilia. Mimi nabaki na ya Poitier.

Fikiria kazi iliyopo. Mtazamaji wa hapa Kamembe hajui Louisiana iko wapi wala kwa nini mtu aliyeachwa huru bado anawindwa. Maelezo hayo hayana nafasi wahusika wanapozungumza. Msimuliaji hodari huyaweka pale farasi wanapokimbia nyikani na hakuna anayesema neno: sauti ya filamu inashushwa, historia inaingia, na risasi ya kwanza inapolia ameshamaliza. Sentensi ya Kiingereza ni fupi, yetu hurefuka, kwa hiyo humbidi akate, au aazime sekunde mbili za ukimya unaofuata. Haya yote huyafanya bila karatasi, macho kwenye kioo, mkono kwenye kitufe cha sauti.

Kuna tukio ambalo ningetamani kila mwanafunzi wa kazi hii aliangalie. Buck anakwenda kwa chifu wa wenyeji asilia kuomba msaada, na maneno yao yanapita kwa mwanamke mkalimani. Chifu anakataa kumpa bunduki. Hajasahau kwamba Buck alivaa sare za jeshi lililowapiga watu wake. Hapo msimuliaji anatafsiri maneno ambayo tayari yametafsiriwa ndani ya filamu. Asiye na kipaji atayajaza maelezo. Bingwa atatoa sentensi moja, kisha atanyamaza, auachie uso wa Poitier umalizie. Kujua pa kunyamaza ndiko kunakomtofautisha fundi na mpiga kelele.

Mhubiri tapeli, anayeficha bastola ndani ya Biblia, ni Harry Belafonte, ambaye wengi hapa waliisikia sauti yake katika Malaika aliyoimba na Miriam Makeba, na aliyekuja Rwanda mwaka 1994 kwa niaba ya UNICEF. Mhubiri huyu anataka sauti ya mimbarini, yenye mapambo, inayogeuka ghafla kuwa ya mlanguzi wa sokoni.

Kwetu kusimulia hadithi ya mtoro kwa Kiswahili kuna uzito mwingine. Kiswahili kilipanda kuja kwenye maziwa makuu pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, walitoka Ujiji wakafika Uvira na bonde la Rusizi lililo chini yetu, wakiteka watu, na Mwezi Gisabo, mfalme wa Burundi, akapigana nao. Lugha iliyowahi kuamrisha minyororo ndiyo leo inayomwita mtoro steringi, na kumwita anayemwinda adui. Waliofanya mageuzi hayo hawakuwa maprofesa. Walikuwa vijana wenye maikrofoni moja na deki.

Wapo wanaowaita wezi wa filamu za watu. Suala la haki za wenye filamu ni la kweli, na lishughulikiwe kisheria. Lakini sanaa ya sauti zao ni yao wenyewe, na sehemu kubwa iko kwenye CD zinazokwaruzika na kutupwa. Wewe uliye na boksi la CD za zamani, Kamembe, Bukavu au Uvira, usilitupe. Andika jina la msimuliaji juu ya kila moja, zihamishie kwenye flashi, umpe mtu mwingine nakala.